Kumsoma Brutus Bujumbura

Wasuluhishi waliowakutanisha Warundi kule Arusha, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wasomaji wa tamthilia moja. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Ikulu, wala hakuridhika nayo; akairudia, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Nelson Mandela, aliyeshika kazi ile ya usuluhishi baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999, aliisoma kifungoni. Mfungwa mwenzake wa Robben Island, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na kitabu cha Shakespeare kilichozunguka kwa wafungwa, na kila mmoja akatia saini kando ya maneno yaliyomgusa. Mandela alitia yake Desemba 16, 1977, pembeni mwa maneno ya Kaizari ya kuudharau woga na kifo.

Saini hiyo inanifaa kuonyesha ufundi wa usomaji ninaotaka kuusifu. Yakate maneno yale uyabandike ukutani, dhamira unayo: ujasiri. Yarudishe kinywani mwa msemaji, mambo yanavurugika. Kaizari anayatamka asubuhi ya kufa kwake, akimjibu mkewe Calpurnia aliyeota ndoto mbaya. Muda si muda anakubali kubaki nyumbani. Kisha anaingia Decius, mmoja wa wala njama, anaifasiri ndoto ile kuwa njema, anadokeza kwamba Seneti imeamua kumvika taji siku hiyohiyo na kwamba watu watamcheka wakisikia amezuiwa na ndoto za mke. Basi mheshimiwa anaitisha joho lake. Je, huyu ni shujaa, au ni mtu asiyeweza kustahimili kuonekana mwoga? Mandela hakukosea; mfungwa wa maisha ana haki ya kutwaa maneno anayoyahitaji. Ila msomaji anayemtafuta mhusika ana kazi nyingine: hulitazama neno pamoja na aliyelitamka, aliyeambiwa, na alichofanya msemaji dakika tano baadaye.

Darasani tunagawa wahusika, bapa huku na duara kule, kisha tunaorodhesha dhamira: usaliti, uchu wa madaraka, urafiki. Orodha hizo hufaulisha mitihani na sina ugomvi mkubwa nazo, ila zina mtego wake: hulitenga neno na aliyelitamka.

Bujumbura mtego ni mwingine. Hapa kuuawa kwa kiongozi si habari ya kitabuni. Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilizoa viti 58 kati ya 64 Septemba 1961, alipigwa risasi Oktoba 13 mwaka huohuo akiwa mezani hotelini, kando ya ziwa, baada ya takribani majuma mawili tu ya uwaziri mkuu. Waswahili wa mtaa wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Oktoba 1993 akauawa Rais Melchior Ndadaye, hajamaliza hata miezi minne madarakani. Msomaji wa hapa akifikia majambia ya Seneti, mkono unamwasha aandike pembeni mwa ukurasa kwamba Kaizari ndiye Rwagasore. Ajizuie. Kaizari wa tamthilia anarudi Roma akiwa mshindi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na anayeongoza waliomuua ni rafiki anayempenda kwa dhati. Ukimgeuza kuwa Rwagasore umewapoteza wote wawili, na Brutus juu yao.

Lipo onyesho moja ambalo hapa halihitaji maelezo ya mwalimu. Ni fupi, na waongozaji wengi wamelikata. Cinna, mshairi, yuko njiani kwenda mazishini. Umati unamzingira: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, umeoa? Anajibu kwa utani kidogo, kama mtu ambaye hajang'amua aliowakabili ni watu gani. Jina lake ni la mmoja wa wauaji wa Kaizari. Anapaza sauti kwamba yeye ni mshairi. Wanasema basi afe kwa mashairi yake mabovu. Mji huu, katika miaka ya 1990, ulijua njia ambazo jina na mtaa unaotoka vilikuwa hukumu tosha. Katika orodha ya darasani Cinna ni mhusika bapa, hana hata ukurasa wake mzima. Lakini tazama alipowekwa: mara tu baada ya hotuba ya Antony mazishini, ile ya kumsifu Brutus tena na tena mpaka sifa ikachacha mdomoni na umati ukawaka. Antony hayumo katika onyesho la Cinna, na hapo ndipo tabia ya Antony inakamilika.

Anayeninyima usingizi mimi ni Brutus mwenyewe. Usiku, hemani, anamwambia rafiki yake Cassius kwamba Portia, mke wake Brutus, amefariki. Punde anaingia Messala na kuuliza kama amepata habari za mkewe. Brutus anakana, anaambiwa amekufa, anaipokea habari kama jiwe, nao wanastaajabia uvumilivu wake. Wako wahakiki wanaosema Shakespeare aliandika mara mbili akasahau kufuta mojawapo, na wachapaji wa 1623 wakachapa zote. Inawezekana. Mimi naona maelezo hayo yanatupunguzia kazi upesi mno. Usiku uleule mtoto Lucius anasinzia na ala yake mikononi, na Brutus anaichukua taratibu isije ikavunjika, kisha anatafuta kitabuni ukurasa aliokuwa ameukunja. Mbele ya maofisa ni jiwe. Mbele ya mtoto aliyelala ni baba.

Na Cassius amekaa palepale, anajua kwamba habari ile si mpya. Hamfichui. Anasema tu kwamba ufundi wa aina hiyo naye anao, ila maumbile yake yasingemruhusu. Anamsifu rafiki, anamsuta, au anamsaidia kuuficha uongo mbele ya jeshi? Mwalimu atakayelipeleka swali hilo darasani, iwe Buyenzi au Mutanga, ajue kengele italia kabla wanafunzi hawajaafikiana.