Mahindi Nyuma ya Kochi

Baada ya mavuno ya mvua za vuli, sebule nyingi za Matinyani, Kitui Magharibi, hubadilika. Makochi na stuli husogezwa mbele, na nyuma yake hupangwa magunia ya mahindi, kunde na ndengu. Washauri wa mapambo wangesema yaondolewe. Yaende wapi? Ghala la fito la uani lilipitisha upepo vizuri, lakini mwizi alilifikia. Dumuzi mkubwa naye, aliyegunduliwa Taveta mwaka 1983 akitokea Tanzania, hutoboa hata fito za ghala lenyewe.

Basi mahindi yakaingia ndani, na hapo ndipo kosa la mpangilio lilipogeuka mauti. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliwapata watu 317 hasa Makueni na Kitui, wakafa 125. Wachunguzi waliona kwamba nyumba zilizopata wagonjwa zilielekea zaidi kuweka mahindi mabichi ndani. Sebule haina upepo wa ghala. Sakafu ya saruji hupandisha unyevu, na gunia lililoegemea ukuta huota ukungu upande usioonekana.

Kwa hiyo kazi huanza uani, juu ya turubai. Kipimo cha bei nafuu ni chumvi kavu: itie pamoja na punje kwenye chupa ya glasi iliyokauka, tikisa, subiri dakika kumi na tano hivi. Chumvi ikiganda kwenye glasi, rudisha mahindi juani. Kiwango kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na chumvi haikisomi kwa usahihi huo. Inakwambia tu kwamba hali ni mbaya.

Ndani, magunia hukaa juu ya mbao zilizoinuliwa kwa matofali, mbali na ukuta kiasi cha ufagio kupita. Kochi nalo lisiyabane. Nafasi hiyo inakula sebule, najua, lakini panya huonekana mapema na kinyesi chake hufagiwa.

Mageuzi makubwa yameletwa na mifuko isiyopitisha hewa, ambayo asili yake ni utafiti wa kunde Kameruni miaka ya 1980: mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja, kila mmoja ukifungwa peke yake. Wadudu humaliza oksijeni, wakaacha kula, wakafa. Hapahitajiki dawa ya unga pale watoto wanapokula. Mfuko haukaushi chochote, ukiufunga na mahindi mabichi umefungia ukungu. Pia kila ukifunguliwa hewa huingia, kwa hiyo chakula cha wiki kitolewe mara moja, kiwekwe kwenye debe jikoni. Majembe na kuni visiegemezwe kwenye mfuko. Tundu dogo linatosha kuuharibu.

Na kile kitambaa cha kufuma ambacho akina mama hutandika juu ya magunia wageni wakija? Juu ya mfuko wa plastiki hakina madhara. Juu ya gunia la kawaida, wageni wakiondoka kitolewe.