Nani Atasema? Niliyoyaona Katika Kuianza The Wire



Najua wengi wenu mlishaimaliza zamani. HBO ilianza kuionyesha The Wire tarehe 2 Juni 2002, ikafika mwisho Machi 2008 baada ya sehemu 60. Mimi nimeianza juzi tu, hapa Al Thumama, msimu huu wa joto ambapo mtu hatoki nje mpaka jua lizame. Nimetazama sehemu ya kwanza peke yake, mara mbili. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliye kizingitini. Mnaojua yaliyomo ndani naomba msinifungulie mlango mapema.

Sisi tuliolelewa na Bwana Msa tuna namna yetu ya kuingia katika hadithi ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) alitupa maiti, akatupa fumbo, kisha akatupa mtu wa kiko na swahiba wake Najum. Ukikishika kitabu unajua kuna siri, na unajua kuna kichwa kitakachoifumbua. Katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) kazi hiyo akapewa Inspekta Wingo, polisi wa serikali. Elvis Musiba akaja na Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango, na hapo tena bastola na ndege zikawa nyingi kuliko kiko. Lakini ahadi kwa msomaji ilibaki ile ile: ukweli ukishajulikana, basi, kazi imekwisha.

The Wire inaanza pale ambapo vitabu vyetu huishia.

Ni usiku, barabarani, Baltimore. Maiti imelala chini na polisi wamezunguka. Mpelelezi Jimmy McNulty ameketi kwenye ngazi za nyumba na kijana mmoja wa mtaa, wanazungumza polepole kama watu wa baraza. Marehemu walimbandika jina la Snot Boogie. Kila Ijumaa alikuwa akija kucheza kamari ya dado, na dau likishanona analikwapua na kukimbia. Wenzake wanamfukuza, wanampiga, mambo yanakwisha. Safari hii mmoja amempiga risasi. McNulty anauliza: kama mlijua ataiba, kwa nini kila mara mlimwacha acheze? Kijana anajibu kwamba ilibidi, hii ni Marekani.

Jibu hilo ndilo watu wote hulisimulia, na kweli ni jibu la kukumbukwa. Mimi lakini nilinaswa na neno jingine dogo alilolisema kijana huyo huyo kabla ya hapo, kwamba yeye mahakamani haendi. Anamweleza polisi kisa chote, tabia ya marehemu, desturi ya mchezo, hata uchungu wake kwamba hapakuwa na haja ya kuua. Ila kusimama mbele ya jaji na kuyarudia, hapana.

Halafu tunapelekwa mahakamani moja kwa moja. D'Angelo Barksdale, kijana wa ukoo wa wauza unga, anashtakiwa kwa kuua mtu ndani ya jengo la ghorofa. Mashahidi ni wawili wa maana. William Gant, fundi wa matengenezo, anamnyooshea kidole bila kubabaika. Nakeisha Lyles, mlinzi wa jengo, ambaye mwanzo alimtambua, anapanda kizimbani na kusema siye. Nyuma wamekaa watu wa ukoo, na mmoja wao, Stringer Bell, ana suti na miwani na daftari la manjano kama mwanafunzi wa sheria. Hapigi mtu kelele, hatishi mtu, amekaa tu. D'Angelo anaachiwa huru. Kabla sehemu haijamalizika, Gant ni maiti barabarani, na D'Angelo mwenyewe ndiye anayeiona na kushtuka.

Hebu litazameni hilo kwa jicho la fasihi. Katika saa moja tumeonyeshwa mauaji matatu, na katika yote hakuna fumbo la kututesa. Muuaji wa kwanza anajulikana mtaani, wa pili amekaa kizimbani, na wa tatu hahitaji Bwana Msa kumjua ametumwa na nani. Swali lililotuendesha tangu utotoni, "nani kaua?", limewekwa kando. Lililobaki ni "nani atasema?", na baada yake, "akishasema, atalala wapi usiku huo?"

Niliitazama mara ya pili pamoja na jirani yangu, mtu wa Kilifi, ambaye ni mlinzi. Mnaoishi huku Ghuba mnajua ni wangapi katika watu wetu wanaosimama kwenye mageti ya Doha wakiwa na redio za mkononi. Kutoka kwangu si mbali na ule uwanja wa Al Thumama uliofunguliwa Oktoba 2021 kwa umbo la gahfiya, ambayo sisi twaiita kofia bila kuhitaji mkalimani. Basi yule dada Lyles alipoukana ushahidi wake, mimi niliguna. Jirani hakuguna. Akasema, "Yule hana kosa. Mlinzi kazi yake ni kuona, kusema ni kazi ya mwenye jengo." Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: siku ile akitoka mahakamani, nani anampeleka nyumbani?

Swali hilo si la Baltimore peke yake. Tarehe 23 Juni 2016 Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyemshtaki polisi kwa kumpiga risasi, alitoka mahakama ya Mavoko nje ya Nairobi akiwa na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Miili yao ilipatikana mtoni. Ilichukua hadi Julai 2022 kwa Mahakama Kuu kuwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Hata kule The Hague, kesi ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014 na ile ya William Ruto na Joshua Sang ikakatishwa Aprili 2016, na kilio cha upande wa mashtaka kilikuwa kwamba mashahidi wametishwa na wengine wamehongwa. Kwa hiyo nikimwona Gant amelala pale lami, simwoni kama mhusika wa kigeni. Namjua.

Ndipo nikajiuliza, je, Bwana Msa amepitwa na wakati? Sidhani. Hebu kumbukeni anavyofanya kazi: hapigani, hakimbizi magari, anakaa na watu, anawaacha waseme, anapima neno kwa neno. McNulty pale kwenye ngazi anafanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wanaozungumza na Bwana Msa wanarudi majumbani mwao salama. Riwaya ile imejengwa juu ya imani kwamba kusema kweli hakumgharimu msemaji. The Wire imeiondoa imani hiyo tangu dakika za mwanzo, na nguvu yake yote, kwa niliyoyaona, inatoka hapo. Si ajabu ukizingatia wanaoiongoza kalamu: David Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la Baltimore Sun, na Ed Burns alikuwa mpelelezi wa kweli kabla ya kuwa mwalimu.

Kasoro zipo. Majina ni mengi mno kwa saa moja. Makachero, wakubwa zao, vijana wa kijiweni, mateja, mawakili, wote wanaingia bila kutambulishwa, na nimelazimika kuchukua kalamu na karatasi. Kiingereza cha kule mtaani kiliwashinda hata wenye shahada za Kiingereza, ila hili nalihesabu kama heshima: watu wanasema kama wanavyosema, na mtazamaji ndiye anayesogea. Kasoro inayoniudhi ni ile ya mwisho. Tunapoiona maiti ya Gant, tunarudishiwa kwa haraka picha yake akiwa kizimbani, tusije tukasahau ni nani. Tamthilia iliyotuamini saa nzima imetutilia shaka katika dakika moja iliyostahili kimya.

Sasa turudi nyumbani. Tamthilia za uhalifu tunazo. Mwaka 2021 Showmax na Canal+ walitoa Crime and Justice ya Nairobi, Sarah Hassan akiwa mpelelezi, kesi ikitoka mikononi mwa polisi na kuingia mahakamani. Ni jambo la kupongezwa. Ila mwendo huo wa uhalifu, kukamatwa, hukumu, ni ule ule wa ahadi ya zamani, na nadhani waandishi wetu wana kitu kikubwa zaidi mezani ambacho Baltimore haina. Nacho ni lugha ya shahidi. Kwa sheria ya Kenya lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mpigeni picha, basi, mama muuza samaki aliyeona mauaji: anamweleza polisi kwa lahaja yake, karani anaandika kwa lugha nyingine, wakili anamhoji kwa ya tatu, na nyuma amekaa kimya bwana mmoja mwenye miwani. Neno lake likigeuzwa kidogo tu na mkalimani, mtu ananyongwa au anaachiwa, na yeye lazima arudi sokoni kesho asubuhi. Hapo hatuhitaji kuazima bastola wala magari ya Marekani.

Nitaendelea na sehemu ya pili. Wakati huo naomba wenye maktaba kubwa kuliko yangu mnikumbushe: ni riwaya gani ya Kiswahili ya upelelezi iliyomweka shahidi katikati, badala ya mpelelezi au muuaji? Jirani yangu naye anasubiri jibu, na yeye anaingia zamu saa kumi na mbili jioni.

Wasalaam.