Fomu ya Mhusika na Swali la Asili: Uhakiki wa Uumbaji wa Wahusika katika Michezo ya Fantasia ya Mezani, kwa Kuangalia Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala hii inahakiki fomu ya mhusika, yaani karatasi ambayo mchezaji wa mchezo wa kuigiza wa mezani huijaza kabla ya safari ya kubuni kuanza. Fomu hiyo inachukuliwa hapa kuwa ni matini yenye nadharia yake kuhusu utu. Inasomwa kutoka kambi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe, nchini Malawi, mahali ambapo kwa watu wengi kujaza fomu inayouliza asili na historia si jambo la kubuni. Hoja kuu ni kwamba kuitafsiri fomu hiyo kwa Kiswahili hakutoshi. Mpangilio wake hauna budi kubadilishwa kwa kuzingatia mapokeo ya Kiswahili ya usawiri wa wahusika pamoja na haki ya mchezaji juu ya kisa chake.

1. Utangulizi

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na kuanzisha utanzu uliosambaa duniani. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi anayeujenga ulimwengu wa kisa. Kila mmoja wa waliobaki husema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake, na dadu huamua matendo yenye mashaka. Mtafiti wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba hii ni ngano yenye watambaji wengi, na kwamba hadhira yake ndiyo hao hao wanaoitamba.

Kabla ya kisa kuanza, kila mchezaji hujaza fomu. Huandika jina, asili ya kiumbe wake, fani yake (mpiganaji, mchawi, kasisi na kadhalika), mwelekeo wake wa maadili na historia yake. Sifa sita hupewa alama: nguvu, wepesi, siha, akili, busara na haiba. Wapenzi wa mchezo huiona kazi hii kama ufundi wa maandalizi tu. Makala hii inaiona kama tendo la kwanza la kifasihi, kwa sababu fomu huamua ni maswali gani yanayomfanya mtu awe mtu.

2. Mahali pa kusomea

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda palikuwa mahali pa kuwafungia wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Kambi hiyo ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili, hasa kile cha mashariki mwa Kongo, huwaunganisha wengi wao, huku Chichewa na Kiingereza zikiwa lugha za shule na za dola inayowapokea. Hata jina la kambi lina mwangwi wa pamoja: kitenzi cha Chichewa *-leka*, chenye maana ya kuacha, ni ndugu wa *-reka* ya Kirundi na Kinyarwanda.

Sanaa si ngeni hapo. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, huwaleta Wamalawi na wageni wengine ndani ya kambi kama hadhira na wasanii wenza. Kwa hiyo swali la makala hii si kama wakazi wa Dzaleka wanaweza kubuni. Linaloulizwa ni kama chombo cha kubunia kinachotoka nje kinawafaa.

3. Kisanduku cha asili

Ugumu wa kwanza wa tafsiri ni ule wa kisanduku cha asili. Katika matoleo ya Kiingereza ya miaka mingi, neno lililotumika lilikuwa lile lile linalotumika kuwagawa wanadamu kwa rangi na nasaba. Kila asili ilibeba sifa zake: mbilikimo wa ngano za Ulaya huwa imara, na kiumbe wa msituni huwa mwepesi. Toleo la mwaka 2024 liliacha neno hilo na kuchukua istilahi ya kibiolojia, ambayo kwa Kiswahili ingekuwa *spishi*.

Mfasiri wa Kiswahili atafanyaje? *Mbari* na *kabila* ndiyo maneno yanayokuja haraka. Lakini katika eneo la Maziwa Makuu, neno *kabila* likiwa ndani ya kisanduku cha fomu lina historia ya damu. Vitambulisho vya Rwanda vilivyotaja kabila la mtu vilianza chini ya utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 vilitumika vizuizini kuamua nani auawe. Haiyumkiniki kumwekea kijana wa Dzaleka karatasi yenye kisanduku hicho na kumwambia kwamba ni mchezo tu. *Spishi* nayo haiponyi, kwani huihamishia tofauti hiyo kwenye mwili na kuifanya ionekane ya kimaumbile zaidi.

Toleo hilo la 2024 lilifanya badiliko jingine: nyongeza za alama za sifa ziliondolewa kwenye asili na kuwekwa kwenye historia ya mhusika. Kinadharia hii ni hatua njema, kwani malezi na kazi ndivyo vinavyomjenga mtu. Hata hivyo, likisomwa kutoka Dzaleka, badiliko hili linaibua tatizo jipya. Anayeomba hifadhi huulizwa historia yake ofisini, na hutarajiwa kuieleza vilevile kila anapoulizwa. Tofauti kati ya kauli mbili inaweza kumgharimu. Niliwahi kukaa na vijana wachache nikiwaonyesha fomu hii ya mchezo. Swali la kwanza halikuhusu dadu wala uchawi. Mmoja aliuliza: “Hii tukishaandika, inapelekwa kwa nani?” Siwezi kulijengea swali moja hitimisho la kitakwimu, lakini kama uhakiki wa fomu sijapata kusikia ulio mkali kuliko huo.

4. Mapokeo yetu yanasemaje?

Fasihi ya Kiswahili ina njia zake za kumuumba mhusika wa ajabu. Ya kwanza ni jina. Katika *Adili na Nduguze*, Shaaban Robert aliwapa ndugu watatu majina ya Adili, Hasidi na Mwivu. Jina lenyewe ndilo mwelekeo wa maadili. Njia hii ina nguvu ya kufunza, lakini humfunga mhusika. Fomu ya mchezo hurudia kifungo hicho inapomtaka mchezaji achague wema au uovu kabla mhusika hajakutana na mtu yeyote.

Ya pili ni siri. Fumo Liyongo hakumbukwi kwa nguvu zake peke yake. Anakumbukwa pia kwa sindano ya shaba ya kitovuni, kwa siri aliyomtolea mwanawe, na kwa usaliti uliofuata. Alama 18 za nguvu haziwezi kumsawiri Liyongo. Kinachomsawiri ni udhaifu wake na yule anayeujua.

Ya tatu ni utetezi. Katika *Kusadikika* (1951), Karama anashtakiwa barazani, na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali. Hapa kuna kundi la wasafiri kama lile la mchezo, na pia kisa kinachosimuliwa mbele ya mamlaka inayohukumu. Tofauti ni kwamba Karama ndiye anayechagua aseme nini na kwa mpangilio gani. Haki hiyo ndiyo inayokosekana kwenye fomu ya ofisi, na ndiyo ambayo fomu ya mchezo ingeweza kuirejesha.

5. Mapendekezo na tahadhari

Kutokana na uhakiki huu, yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, kisanduku cha asili kiondolewe, na badala yake mhusika aanze na jina pamoja na maelezo ya nani alimpa jina hilo. Pili, mwelekeo wa maadili na historia viachwe wazi, vijazwe kadiri kisa kinavyoendelea, na viruhusiwe kubadilishwa; katika mchezo, kujikana si kosa. Tatu, kuwe na nafasi ya udhaifu na ya mtu anayeujua. Nne, karatasi ibaki mkononi mwa mchezaji. Shirika, shule au mtafiti asiikusanye kama data wala kama kipimo cha afya ya akili.

Kuhusu lugha, Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha ya nne ya kazi ya SADC mwaka 2019, na washauri wa sera wanatafuta nyenzo za kukieneza. Meza ya mchezo inayowakutanisha vijana wa Lilongwe na wa Dzaleka ingeweza kuwa nyenzo hai, mradi isigeuzwe darasa la kusahihisha. Anayesema Kiswahili cha Bukavu au Uvira asisahihishwe katikati ya kisa, na Mmalawi anayechanganya Chichewa asizuiwe. Sauti ya mhusika ni sehemu ya uumbaji wake.

Ipo tahadhari kubwa zaidi. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka. Mhusika wa kubuni anaweza kuvuka milima na bahari, lakini aliyemuumba hawezi kuhamia Lilongwe na kufungua duka kwa hiari yake. Anayependekeza michezo kama hii huku akinyamaza kuhusu uhuru wa kutembea anatoa kitulizo badala ya haki.

6. Hitimisho

Fomu ya mhusika ina maoni yake kuhusu kinachomfanya mtu awe mtu, na maoni hayo hubadilika maana yanapovuka mpaka. Kiswahili kina msamiati na mapokeo ya kutosha kuiandika upya, si kuitafsiri tu. Kipimo cha fomu mpya hakitakuwa usahihi wa istilahi zake peke yake. Atakayeitunga ajiulize pia kama mchezaji wa Dzaleka, akishaijaza, bado atahitaji kuuliza inapelekwa kwa nani.