Mshahara, Ujira na Mapato: Istilahi za Fidia kwa Mwenye Waajiri Wawili

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri wamekabidhiwa kazi ambayo makosa yake hayaishii karatasini. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi chache za fidia ya wafanyakazi, hasa zinazomhusu mtu mwenye waajiri wawili, na kuonyesha kuwa uteuzi wa neno moja waweza kumpunguzia mtu riziki yake.

Tuanze na mshahara. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo limetokana na neno lenye maana ya mwezi. Mshahara, basi, ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Ujira ni malipo ya kazi, iwe ya siku, ya juma au ya kipande. Mapato ni mapana zaidi: huingiza posho na malipo ya saa za ziada, na hata faida ya duka.

Pamoja na tofauti hizo, tumezoea kusoma na kusikia "mshahara uliopotea" kila litajwapo pato ambalo majeruhi amelikosa. Usemi huu una kasoro mbili. Kwanza, humsahau kibarua, ambaye hana mshahara bali ana ujira wa siku. Pili, kinachopotea ni kile kilichokwisha kuwa mkononi. Aliyelazwa hospitali hakupoteza kitu. Amekosa alichokuwa akipate.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwa mwenye kazi mbili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1906 iliagiza kwamba mfanyakazi mwenye mikataba ya ajira na waajiri wawili au zaidi, akimtumikia huyu wakati huu na yule wakati mwingine, mapato yake yote yahesabiwe kana kwamba yametoka kwa mwajiri aliyekuwa akimtumikia ajali ilipotokea. Katika jimbo la Illinois, Marekani, sheria huongeza sharti: mwajiri anayedaiwa awe alikuwa na habari za ajira hiyo nyingine kabla ya mfanyakazi kuumia.

Je, mikataba ya namna hiyo tuiiteje? "Mikataba ya pamoja" haifai, kwani huelekeza fikra kwenye makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. "Kazi ya pili" ni mbaya zaidi. Hudokeza kwamba moja ni kuu na nyingine ni nyongeza, hali sheria tulizozitaja hazijali ipi ni kubwa. Hutazama tu mtu aliumia akimtumikia nani. Wala "kazi ya ziada" haifai, maana hiyo hufanywa kwa mwajiri yule yule baada ya saa za kawaida.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu analinda ghala usiku kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na asubuhi anafagia ofisi ya mwajiri mwingine kwa shilingi 150,000. Anavunjika mguu ghalani. Tukitumia kiwango cha asilimia 70, ambacho ndicho cha ulemavu wa muda nchini Tanzania, "mshahara wake" wa ghalani utampa shilingi 140,000. Lakini mapato ya ajira zote mbili yangempa shilingi 245,000. Mguu ni mmoja, na kwa mguu huo huo hawezi kulinda wala kufagia. Sheria ikiwa imekusudia jumla, naye mfasiri akaandika mshahara kwa umoja, shilingi 105,000 zitakuwa zimeliwa na kalamu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Msingi wa kukadiria fidia uitwe mapato ya ajira. Neno ajira lisiachwe, ili faida ya genge au shamba isichanganywe na malipo ya mkataba.
2. Badala ya mshahara uliopotea, itumike mapato yaliyokosekana.
3. Mikataba na waajiri mbalimbali kwa kipindi kimoja iitwe mikataba sambamba ya ajira.

Huenda wengine wakaona mapendekezo haya ni marefu mno kwa fomu za ofisini. Twajibu kwamba ufupi ni sifa ya istilahi pale tu usipomdhulumu mtu. Tunawakaribisha wasomaji, hasa walimu na maafisa wanaopokea madai haya, watuletee maneno wanayoyasikia vinywani mwa wafanyakazi wenyewe.