Heko kwa Waliopokea Kalamu ya Daphne

Tarehe 16 Oktoba 2017, bomu lililotegwa garini lilimuua Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa Malta aliyekuwa akiwaandama wakubwa kwa rushwa. Haikupita mwaka. Aprili 2018, waandishi 45 wa nchi 15, wakiratibiwa na shirika la Forbidden Stories la Ufaransa, walianza kuchapisha uchunguzi alioachia njiani.

Hapa ndipo ninapowapa heko kwa moyo wote: vyombo vinavyoshindana kila siku nani awahi habari viligawana nyaraka na kuchapisha kwa pamoja! Leo mwandishi anayetishwa, popote alipo, anaweza kulikabidhi shirika hilo faili zake mapema, kwa siri. Akiuawa au akifungwa, wenzake wanaendelea alipoishia. Hongereni sana, ndugu zetu.