Siyo Kila Kitu Kinanyauka

Ndugu msomaji, leo nataka tugombane kidogo, mimi na wewe unayeandika mashairi.

Nimekuwa nikisoma miswada ya washairi vijana wa mjini, na kuna ugonjwa mmoja nauona kila ukurasa. Ua linanyauka. Penzi linanyauka. Nyota ya mwimbaji inanyauka. Hata sauti ya redio nayo, ati, inanyauka! Ukimwuliza mwandishi kulikoni, anakujibu kwamba kwa Kiingereza ni "fade" au "wither", na kamusi imeyaweka pamoja, kwa hiyo ni mamoja. Nasema hapana. Siyo mamoja hata kidogo, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Tuanze na wenye lugha yao. Neno "wither" inaelekea ni ndugu wa "weather", yaani hali ya hewa: kitu kimeachwa nje, jua na upepo vimekila. "Fade" lilitoka Kifaransa cha zamani, ambako lilihusu kitu kilichopauka au kisicho na ladha. Hapo kinachoondoka ni rangi, mwanga au sauti. Mwili waweza kubaki mzima. "Wilt" ni kulegea kwa mmea wenye kiu, na ukiuwahi na maji huinuka tena. "Shrivel" ni kukunjamana kwa kitu kilichopungua ndani. "Wane" ni la mwezi: unapungua, lakini kila mtu anajua utarudi. "Atrophy" lina asili ya Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kukosa lishe.

Umeona mambo hayo? Kila neno lina mhalifu wake, na kila neno linakuambia kama kuna kurudi au ndiyo basi tena.

Mtu aliyeyajua haya vizuri ni John Keats. Huyu bwana alisomea utabibu katika hospitali ya Guy's, London, akapata leseni mwaka 1816. Desemba 1818 mdogo wake Tom alikufa kwa kifua kikuu, baada ya Keats mwenyewe kumwuguza. Mwaka uliofuata, 1819, akaandika "Ode to a Nightingale". Humo neno "fade" linarudi mara kadhaa, na halifanyi kazi moja. Mwanzoni ni hamu: mshairi anatamani kutoweka na ndege gizani mwa msitu, asahau homa na vijana wanaokonda na kufa. Mwishoni ni wimbo wa ndege unaofifia kwa kwenda mbali. Lile alilolitamani limempata ndege, yeye kabaki. Na ndege hajafa, amevuka kilima tu. Weka "kunyauka" hapo, shairi zima umeliharibu.

Mwaka huohuo wa 1819 akaandika "La Belle Dame sans Merci". Pale "wither" analitumia kwa majani ya kando ya ziwa, halafu kwenye shavu la askari wa farasi aliye hoi. Kwenye shavu hilohilo yapo maneno yote mawili, na hayarudiani. "Fade" linaondoa rangi, "wither" linaondoa uhai. Aliyeandika hivyo alikuwa tabibu. Alijua kipi hutangulia kwa mgonjwa. Keats mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu huko Roma mwaka 1821, ana miaka 25.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna umaskini wa maneno, tuna uvivu. Khanga iliyofuliwa sana huchujuka. Ukuta unaopigwa na jua hupauka, na ngozi isiyopakwa mafuta vilevile. Kibatari kikiishiwa mafuta mwanga hufifia. Mahindi yaliyokosa mvua hunyauka. Chungwa lililokaa siku nyingi husinyaa. Mtoto asiyelishwa hudumaa. Biashara huzorota. Bahari hupwa, na baada ya saa kama sita hujaa. Na mtaani tunasema mwimbaji fulani "kachuja": neno la dobi hilo, limepanda jukwaani, na limekaa vizuri kuliko "kunyauka" kwako.

Jambo jingine ni hii "vuli". Kijana anaandika kwamba penzi lake limeingia vuli, majani yanapukutika, moyo baridi. Kaitoa wapi? Kwa Waingereza msimu baada ya kiangazi chao ni wa kufifia, na vitabu vikautafsiri "vuli". Lakini kwetu Dar es Salaam vuli ni mvua za mwisho wa mwaka. Vuli watu wanapanda! Penzi lililoingia vuli linachipua, bwana.

Utasema nagombania vitenzi tu. Hapana, nagombania watu. Miswada mingi ninayoisoma inahusu kifo, na mingi inahusu ndugu waliochukuliwa na UKIMWI miaka ya 1990. Ukiandika kwamba dada "alinyauka", umempa kifo cha mmea. Kunyauka ni kazi ya jua na ukame, na jua halishitakiwi. Lakini mchanganyiko wa dawa ulioanza kuokoa maisha katika nchi tajiri mwaka 1996 ulichukua miaka mingi kuwafikia wagonjwa wengi wa Afrika. Huyo dada hakunyauka. Alikonda, akakosa dawa ambayo ilikuwapo duniani. Ukilibadilisha neno, umewafutia hatia walioichelewesha, na umemfanya dada kuwa pambo la beti.

Basi, kabla hujaandika kitenzi, jiulize maswali matatu. Kinachoondoka ni nini: rangi, maji, nguvu au uhai? Nani au nini kinakiondoa? Na je, kinaweza kurudi? Ukishajibu, neno litakuja lenyewe, na mara nyingi utalikuta jikoni kwa mama au kwenye kamba ya kuanikia nguo, siyo kwenye kamusi ya Kiingereza.

Na wewe mwenye shairi la beti sita lenye kunyauka mara tano, usilitume bado. Lisome tena.