Bia Kwenye Mlo wa Kiitaliano: Jinsi Inavyopangwa Sahani kwa Sahani

Kwa karne nyingi mvinyo ndio uliokuwa kinywaji cha mezani nchini Italia, na bia ilihesabiwa kuwa kiburudisho cha kiangazi au cha kusindikizia piza. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1996, vilipofunguliwa viwanda vidogo kadhaa vya bia: Le Baladin cha Teo Musso katika kijiji cha Piozzo, mkoani Piemonte, Birrificio Italiano cha Agostino Arioli huko Lurago Marinone, na Lambrate jijini Milan. Musso alilenga mikahawa tangu mapema. Alitia bia yake katika chupa za sentilita 75, ukubwa uleule wa chupa ya mvinyo, na pamoja na mwonjaji Lorenzo Dabove, maarufu kwa jina la Kuaska, akabuni bilauri ya shina refu iitwayo Teku ili harufu ya bia isipotee.

Mwaka 2016 sheria ya Italia iliweka wazi ni bia ipi inayostahili kuitwa ya ufundi. Kiwanda chake kiwe huru na kisizidishe hektolita 200,000 kwa mwaka. Nayo bia yenyewe isipashwe joto la kuua vijidudu, wala isipitishwe kwenye vichujio vya matundu madogo mno. Masharti hayo yana athari mezani, kwa kuwa harufu za hamira na za hopsi, maua yanayotiwa katika bia, hubaki na nguvu, na hizo ndizo zinazokutana na chakula.

Mvinyo hukabili chakula kwa uchachu na ukakasi wa zabibu. Bia ina nyenzo tatu tofauti. Ya kwanza ni gesi ya kaboni dioksidi, ambayo huchomachoma ulimi na kuuondolea utando wa mafuta, hivyo kila tonge huonjeka kama la kwanza. Ya pili ni uchungu wa hopsi, unaokata utamu na unene wa mafuta. Ya tatu ni kimea. Shayiri inapokaushwa kwa joto huzaa ladha za mkate, karanga na karameli kwa njia ileile ya kikemia inayolitia ganda la piza, na nyama kikaangoni, rangi ya kahawia. Kwa sababu hiyo kimea na chakula cha tanuri hupatana bila kulazimishwa.

Mlo wa Kiitaliano huenda kwa hatua, kutoka chepesi hadi kizito, na bia hufuata mwendo huohuo. Kwenye vitangulizi, yaani nyama kavu za chumvi, zeituni, samaki wadogo na mboga za kukaanga, inafaa bia ya pilsna. Mfano mashuhuri ni Tipopils ya Arioli, ambayo huongezewa hopsi baada ya kuchachuka ili ipate harufu ya maua na majani mabichi. Ukavu wake hushusha chumvi, na gesi yake husafisha mafuta ya kukaangia.

Sahani ya kwanza ya mlo, ambayo kwa kawaida ni tambi au wali, hutegemea mchuzi. Tambi za pesto ya Genova, yenye mrehani, kitunguu saumu na jibini, huelekea kwenye bia nyeupe ya ngano. Isaac ya Baladin, iliyotiwa giligilani na maganda ya chungwa, ina harufu ya viungo inayoungana na mrehani bila kuufunika. Mchuzi wa nyanya unahitaji uangalifu zaidi. Uchachu wa nyanya ukikutana na uchungu mwingi wa hopsi, vyote viwili huwa vikali mdomoni. Bia ya rangi ya kaharabu, yenye utamu wa kimea, huulainisha uchachu huo. Mchuzi ukiwa na pilipili, tahadhari huongezeka, maana uchungu na kileo kingi huzidisha muwasho.

Sahani ya pili huleta nyama. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole hadi ikalainika, au ya kuchoma, inastahimili bia nzito za mtindo wa Ubelgiji pamoja na bia ya kastanya, njugu za misitu ya milimani ambazo Waitaliano wengi huzitia katika bia zao. Kuku na samaki hurudisha mezani bia nyepesi. Nora ya Baladin, yenye tangawizi, manemane na ngano ya kamut, huenda na nyama nyeupe yenye viungo.

Jibini kali la bluu aina ya Gorgonzola hupatana na bia nzito tamu ya shayiri, kwa sababu utamu huituliza chumvi. Kwa kitindamlo cha chokoleti hutolewa Xyauyù ya Baladin, bia isiyo na gesi iliyoachwa makusudi ikutane na hewa, yenye kileo cha takriban asilimia 14 na ladha ya tende na karameli. Hunywewa kidogokidogo. Tiramisu, kwa kuwa ina kahawa, hupata mwenzi katika bia nyeusi ya kimea kilichochomwa.

Joto la bia hukamilisha kazi. Pilsna hupendeza ikiwa kati ya nyuzi 5 na 7 za Selsiasi. Bia nzito zahitaji takriban nyuzi 12, kwani baridi kali huzuia harufu zake zisitoke. Kiasi kinachomiminwa nacho hupungua kadiri kileo kinavyopanda.

Kati ya kanuni hizi zote, iliyo kuu ni uzito. Bia isikishinde chakula, wala chakula kisiizime bia. Anayepanga mlo na achague kwanza mchuzi na namna ya kupika, kisha ndipo achague chupa.